Ufa wa Gambusi la Uroa

Mkiniona nimelishika gambusi kama mtu anavyopakata mtoto wa siku saba, msidhani ni mapenzi. Ni hofu. Kazi hii nimeifanya zaidi ya miaka thelathini, nimestaafu, na hadi leo nikipokea chombo cha mtu viganja vyangu vinatoka jasho. Anayekwambieni kuwa fundi mzuri haogopi, huyo hajawahi kupasua kitu kisichokuwa na cha pili chake.

Nyinyi mnaoingia chuoni mwaka huu kusoma upigaji wa kale, walimu wenu wamenitaka nikuandikieni maneno mawili matatu. Nikawaambia mimi skuli nimefika darasa la nne. La tano nililiona dirishani, nikipita na mbao kichwani. Wakasema andika hivyo hivyo. Haya. Mkikuta herufi imekaa upande, iwekeni sawa wenyewe, nyinyi ndio mliosoma. Ninayoyajua mimi nimeyapata kwa mikono, na mengine kwa aibu.

Gambusi ni ndugu mdogo wa udi. Nawaambia kwa sababu wengi wenu mnakuja na gitaa tu. Udi una tumbo kubwa la vibanzi vilivyoungwa, na uso wake ni mbao. Gambusi huchongwa kwa gogo moja la mfenesi, shingo na tumbo kitu kimoja, kisha uso wake huwambwa ngozi ya mbuzi. Hapo kwenye ngozi ndipo penye balaa. Mbao ikishakauka imekufa, inajua imekufa. Ngozi haijui. Mvua ikinyesha inalegea, jua likitoka inakaza, watu wakijaa chumbani wakapumua inanung'unika. Unaweza kuliacha gambusi limekaa vizuri ukenda kuswali adhuhuri, ukarudi ukalikuta limebadilisha shauri.

Aliyenitia katika kazi hii ni Mzee Khatibu, mpigaji na mwambaji wa magambusi, Mungu amrehemu. Mimi nilikuwa seremala Mwanakwerekwe, natengeneza vitanda na makabati, na vitanda vyangu havikulia. Mzee akaja na gambusi lililovunjika shingo, akataka nimtengenezee. Nikachonga shingo mpya ya kuungia, siku mbili. Akaitazama, akaipitisha shavuni.

"Kijana, hii umeikata kama mguu wa kitanda."

"Mzee, mimi ni fundi vitanda."

"Basi atakayeipiga atalala."

Nilikasirika sana. Lakini Jumamosi iliyofuata nilikwenda kwake, kumwonyesha kuwa naweza. Alikuwa akikaa kwenye yale majumba marefu ya Michenzani, ghorofa ya nne, na maji yalikuwa hayapandi. Hakuniuliza jina. Alinipa ndoo mbili. Kwa muda wa mwaka mzima mimi nilisomea gambusi kwa kupandisha maji, na asiyeamini atazame magoti yangu.

Ngozi akizianika barazani kwake huko juu. Bibi mmoja wa ghorofa ya tatu alikuwa akitoa kichwa nje, anauliza, "Enyi wa juu, leo mmefiwa na nani tena?" Mzee Khatibu anamjibu, "Mbuzi, bibi, mbuzi. Binadamu tunawazika." Kila Jumamosi maneno yale yale, na kila Jumamosi wanacheka kama mara ya kwanza.

Yeye ndiye aliyenifundisha kuchagua ngozi. Iwe ya mbuzi jike, mdogo, asiyenona. Irowekwe kwenye maji ya majivu siku tatu mpaka manyoya yaachie, ikwanguliwe kwa kipande cha kifuu, si kwa kisu, maana kisu kina haraka. Ikishawambwa ikauke chumbani, pasipo jua wala upepo, katika chumba wanachokaa watu. Alisema pumzi za watu ni hewa yenye adabu. Na utajuaje kama imekauka? Usiipige kidole. Sogea, kohoa mara moja. Ikinyamaza, bado. Ikikujibu kwa ndani, kama mtu aliyeitwa akasema naam, basi hapo iko tayari. Na kama bado, usiilazimishe, hata kama bwana harusi amesimama mlangoni.

Nikafikiri mimi ni bora kuliko yeye. Safari moja nikawamba ngozi ya beberu, kwa kuwa mchinjaji wa sokoni alikuwa nayo tayari na mimi nilikuwa na haraka. Ilionekana safi kabisa. Tukaenda kupiga harusini, wakatuweka karibu na jiko la makaa la kukazia ngoma za madumbaki, ngozi ikapata moto, na beberu akafufuka. Nyie, harufu ile! Mashangazi wa bibi harusi walianza kutazamana, kila mmoja anadhani ni mwenzake. Mzee Khatibu alingoja mpaka tumetoka nje. Akaniambia, "Leo umempiga beberu, na beberu ametupiga sote."

Lakini jambo lake moja nililielewa nilipozeeka tu. Kabla ya kupiga, popote, hata kwenye hitima ya jirani wanapotaka kasida moja, alikuwa akienda nyuma ya nyumba anatapika. Kisha anasukutua, anafuta mdomo, anaingia, anakaa kama sultani. Nilimuuliza, mzee, unaumwa? Akasema, "Naogopa." Miaka hamsini ya kupiga na anaogopa. Nilimdharau kidogo siku ile, nawaambia kweli. Nilikuwa na mabega makubwa.

Chuo kilinichukua nikiwa mtu mzima, kwanza kutengeneza ala, halafu walipoanzisha masomo ya upigaji wa kale wakaniambia nifundishe na gambusi. Masomo yenyewe ni haya mnayokuja kusoma nyinyi: mwanafunzi anasikiliza santuri za zamani, anauliza wazee, anapiga kwa nyuzi za utumbo na risha ya unyoya wa ndege, si nailoni wala plastiki, na mwisho anatahiniwa kwa kupiga vile walivyopiga wao. Mwenye darasa alikuwa Mwalimu Suleiman, kijana aliyesoma ng'ambo, mwenye adabu zake. Siku ya kwanza alinipa karatasi ya noti. Nikaitazama juu, nikaigeuza chini. Nikamuuliza mbele ya wanafunzi, "Mwalimu, hawa sisimizi wanakwenda wapi?" Darasa zima likacheka, na yeye akacheka. Nilifanya mzaha ili wasione kuwa nimeogopa. Mtu asiyesoma hujifunza kucheka mapema. Angalieni sana mkimwona mzee anafanya mzaha mbele ya karatasi.

Sasa nije kwa Zuwena na gambusi la Uroa, maana hilo ndilo lililonifanya nikubali kuandika.

Zuwena alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa mwisho. Mama yake analima mwani huko Uroa, na baba yake alimwambia mwaka ule ndio wa mwisho, akifaulu sawa, akianguka arudi nyumbani aolewe, hakuna kurudia. Alikuwa mwembamba, msemaji, na sikio lake lilinitia wivu. Mtihani wake ulitaka apige nusu saa kwa gambusi la kale la kweli, na la chuo lilikuwa jipya, nililichonga mimi. Akasema, "Bibi yangu analo la marehemu babu. Limetoboka ngozi tu." Tukaenda Uroa.

Bibi yake anaitwa Bi Riziki. Alikuwa amekaa barazani anapepeta mchele.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba. Wewe ndiye fundi?"

"Ndiye mimi."

"Mbona mdogo?"

Nilikuwa nimepindukia sitini. Zuwena akageuza uso acheke. Bi Riziki akaingia ndani, akatoka na kitu kimefungwa kanga mbili, akakifungua taratibu. Nikaliona. Jamani, mimi nimeona magambusi. Lile lilichongwa na mtu aliyekuwa haogopi kitu. Tumbo lilikuwa jembamba kama ganda la yai, pembeni huoni hata alama ya tupa, na lilikuwa likinukia ubani kwa sababu yule bibi alikuwa akilifukiza kila Alkhamisi, miaka yote tangu mumewe afe, wala halipigwi na mtu. Akasema, "Sikupi wewe. Nampa mjukuu wangu. Wewe nakutazama." Nikasema naam, kama mtoto wa madrasa.

Tulirudi mjini, na masika yakaanza.

Nikaiwamba ngozi vizuri. Mbuzi jike, mdogo, nilimchagua mwenyewe. Nikaliweka chumbani kwangu mimi na mke wangu, pumzi zenye adabu. Siku ya nne nikakohoa. Kimya. Siku ya saba, kimya. Mvua ilikuwa hainyanyuki, kuta zinatoa maji, hata chumvi jikoni imekuwa uji. Siku ya kumi nikakohoa mpaka mke wangu akaniuliza kama nataka tangawizi. Ngozi imelala. Na mtihani ulikuwa umebaki siku kumi na mbili, na Zuwena anakuja kila asubuhi. Anasimama mlangoni, ananitazama tu usoni, kisha anakwenda darasani.

Chuo kilikuwa na chumba kimoja chenye kiyoyozi, cha kompyuta. Nilijua hakifai. Sitasema sikujua. Nilisimama mlangoni na gambusi kifuani, ule ubaridi mkavu ukanipiga usoni, na nikasikia sauti ya Mzee Khatibu kabisa, usiilazimishe. Nikajiambia, yeye kiyoyozi hakukijua, zama zimebadilika. Nikaliweka juu ya kabati mchana, nikafunga mlango. Nikasema kesho tu.

Kesho yake asubuhi ngozi ilikuwa ngumu kama ya dumbaki. Nikakohoa, ikajibu kwa ukali, si kwa naam. Nikalichukua, na kidole gumba kikauona kabla ya macho. Chini ya shingo, pale tumbo linapoanza. Ngozi ilikaza kwa ghafla, ikalivuta lile ganda la yai, na ganda likaachia. Ufa wa urefu wa kidole.

Sijui nilikaa chini muda gani. Nakumbuka mtu aliingia kuwasha kompyuta akaniamkia, na nikaitika marahaba kwa sauti ya kawaida kabisa. Hilo ndilo linalonitisha nikikumbuka, kwamba sauti yangu ilikuwa ya kawaida.

Nikafanya ambalo fundi anaweza na mtu hapaswi. Nikachukua unga wa mbao ya mfenesi, nikauchanganya na gundi, nikajaza ufa, nikapiga msasa mdogo, nikapaka mafuta. Ulikuwa huuoni. Kazi safi. Nilijivunia hata, kwa dakika moja. Kujaza ufa kwa juu ni kama kumfunga mgonjwa kilemba, mnisikilize hapa, kitambaa hakishiki mfupa. Kinachoshika ufa ni kiraka cha mbao kwa ndani, kilichokatizwa nyuzi za mti, na kukiweka lazima ngozi ifunguliwe. Ngozi ikifunguliwa, mtihani umepita.

Zuwena akaja. "Shikamoo, mwalimu. Limekauka?"

"Limekauka."

"Nikohoe?"

"Kohoa."

Akakohoa, ngozi ikamjibu, akacheka mpaka akashika mdomo. Akalichukua akakimbia nalo darasani, na mimi nikamwita, "Usikimbie nalo!" Akadhani ni ukali wa uzee.

Tangu hapo nilikuwa nasikiliza kwa mgongo. Wao wanajifunza darasani, Zuwena na wenzake wa fidla na wa kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi inayolazwa mapajani, mimi karakana ya jirani, na kila wimbo ukipanda nasimamisha randa. Nilikuwa naota ndoto za meno kung'oka. Chakula nikikitia mdomoni nakisahau. Hofu yenyewe hamjui ilivyokuwa: nyuzi zikikazwa sana, shingo inavutwa mbele, ufa unafunguka, na kitu chembamba namna ile hakifunguki polepole. Kinaruka. Na uso wa mpigaji uko shubiri moja kutoka hapo. Usiku na mchana nilikuwa nayaona macho ya yule mtoto.

Kwa hiyo nikamwambia, "Nyuzi ziweke chini. Usizikaze sana."

Mwalimu Suleiman akauliza, "Kwa nini, Fundi? Kanuni na fidla za wenzake zimepangwa juu."

Nikasema, "Ndivyo ilivyokuwa zamani. Wazee walipiga chini."

Niliyatunga papo hapo. Na wanafunzi tisa wakainamisha vichwa wakaandika katika madaftari yao: wazee walipiga chini. Nikawaona wanavyoandika. Mimi, darasa la nne, nimeandikwa. Ningeweza kusema nifuteni. Nikanyamaza, na nusu yangu ilifurahi.

Uongo wangu uliishi siku tatu. Mwalimu Suleiman alileta santuri ya zamani, akaiweka, gambusi likasikika juu kabisa, linalia kama ndege. Hakunidhihaki, aliuliza kwa heshima. "Fundi, huyu mbona yuko juu?" Nikasema huyo pengine alikuwa na haraka. Wakacheka. Siku ile ile wakazikaza nyuzi zikawa sawa na kanuni, na mimi nikarudi karakana.

Siku ya mtihani mvua ilikuwa inanyesha Mji Mkongwe wote, vichochoro vimekuwa mito. Ukumbi mdogo wa chuo ulijaa. Watahini watatu mezani, wanafunzi wenzake, jamaa, na mstari wa mbele Bi Riziki kwa buibui lake, ametoka Uroa alfajiri. Zile kanga mbili ameziweka mapajani, zimekunjwa, tayari kulifunga gambusi alirejeshe nyumbani.

Niliingia chumba cha ala. Zuwena alikuwa amekaa peke yake anakaza uzi wa juu, sikio amelitega, na uso wake uko pale pale nilipokuwa nauona kila siku. Nikasikia mlio mdogo sana, kama ukucha unaogusa sahani. Yeye hakuusikia. Mimi niliujua.

Nikasema, "Toa mikono. Liweke chini."

"Mwalimu?"

"Lina ufa. Nimelipasua mimi, kwa kiyoyozi, nikaujaza. Likikazwa hivyo litakurukia."

Alilitazama, akapitisha kidole mahali nilipomwonyesha. Halafu akasema, taratibu, "Siku ngapi?"

"Kumi na moja."

"Siku kumi na moja mwalimu unaniona nnapiga."

Nilimwambia yaliyobaki kuchagua. Achukue udi wa chuo, aanguke somo lenyewe, kwa kuwa lilitaka gambusi la kale. Au azilegeze nyuzi sana, apige chini, na hapo kanuni na fidla hazimfuati, itabidi apige peke yake na aimbe mwenyewe. Alikuwa ameshaanza kulegeza kabla sijamaliza.

"Nikiingia nikapiga peke yangu, chini, watasema sikujitayarisha," akasema. "Utaingia mbele yangu. Utawaambia wewe. Na bibi awepo asikie."

Mimi nimewahi kuingia baharini na mawimbi, nimewahi kufukuzwa na mbwa wa watu wa mashamba, nimewahi kumzika mwanangu. Sikuwahi kuogopa kama kutembea zile hatua kumi mpaka mbele ya ile meza. Nilitaka kutapika. Nikasimama, nikasema, na maneno yenyewe nayakumbuka kwa sababu yalikuwa machache.

"Mimi ndiye fundi. Gambusi hili la watu nimelipasua kwa haraka zangu, nikaficha. Mwanafunzi hana kosa. Atapiga chini na peke yake kwa sababu hiyo. Na wale niliowaambia wazee walipiga chini, sikujua. Nilitunga. Yafuteni."

Nikasikia madaftari yanafunguliwa. Bi Riziki hakuinuka.

"Ufa mkubwa gani?"

"Kidole, Bi."

"Kidole chako au changu?"

Watu wawili watatu wakacheka, wakajizuia. Nikasema changu. Kisha, kwa unyonge wangu, nikamuuliza mbele za watu kama marehemu mumewe alikuwa akipiga chini au juu. Nilikuwa natafuta japo kijiti cha kushikia. Akanitazama.

"Sijui. Yeye akipiga, mimi nlikuwa napika."

Zuwena akaingia, akakaa. Wimbo wa kwanza ulikwenda, sauti nzito kama mtu anayezungumza ndani ya mtungi. Wa pili ukaenda. Mimi nilikuwa nimesimama ukutani, na sikusikia muziki hata kidogo, nilisikia mbao. Katikati ya wimbo wa tatu lile ganda likasema tiki. Ukumbi wote ulisikia. Nikafumba macho.

Nilipofumbua alikuwa bado anapiga. Alikuwa amelivuta gambusi likaingia tumboni kwake, ameliminya kwa kigasha cha mkono na ubavu, ufa umebanwa baina ya mbao na mwili wake mwenyewe. Hakuna aliyemfundisha, na mimi sikuwahi kulifikiria. Kwa kulibana vile sauti ilikufa nusu, na yeye akaipunguza sauti yake ya kuimba iwe ndogo kuliko hiyo, mpaka watu wakainama mbele kusikia. Uso wake alikuwa ameugeuzia pembeni. Aliimba akitazama mlango. Alimaliza hivyo hivyo, mashairi yote, hakuruka hata kituo kimoja.

Watahini walimfaulisha, lakini si daraja la kwanza. Waliandika kuwa sauti ya ala ilikuwa hafifu. Wapo watu waliowakasirikia. Mimi sikuwakasirikia, ilikuwa hafifu kweli, na aliyeifanya hafifu ni mimi. Baba yake alikubali cheti. Daraja lile moja lilimnyima nafasi ya kwenda kusoma mbele mwaka ule, akangoja mwengine. Hilo ninalo, sitaki mniondolee.

Nilimwendea Bi Riziki, nikamwambia, nipe siku arubaini, jua likitoka nitalifungua na kulitengeneza kwa njia ya haki. Alikuwa anazikunjua zile kanga.

"Utalitengeneza wewe?"

"Naam, Bi."

"Wewe utashika tu. Patasi atashika huyu."

"Bi, hajawahi kufungua chombo cha kale. Ni chembamba mno."

"Na wewe ulikuwa umewahi," akasema, na akaanza kulifunga.

Masika yalipokwisha Zuwena alilileta karakana. Tulilegeza nyuzi, tukaitoa ngozi, na tumbo la ndani likaonekana. Kiraka nilikuwa nimekwisha kukikata, cha mfenesi, kimekatizwa vizuri. Lakini kwanza gundi yangu ya siri ilibidi itolewe yote, maana gundi mpya haishiki juu ya uongo wa zamani, na ile ilikuwa imeingia ndani kabisa ya ufa. Kuichokoa ni kutia ncha ya patasi katika mbao ya unene wa ganda la yai, na kusukuma kwa kiasi tu. Kiasi gani, siwezi kukwambieni. Sikuweza kumwambia yeye pia. Miaka thelathini na neno lenyewe sinalo.

Nikalishika kwa mikono miwili, yeye akainama. Nyinyi mtakaokuja kufundisha, hofu zote nilizokusimulieni humu ziwekeni upande mmoja, hii pekee upande wa pili. Nilikijua kila kitu kinachoweza kuharibika, ninakiona kabla hakijatokea, na mkono ulioshika patasi si wangu.

Ncha iliingia. Akasita kusukuma.

"Mwalimu, unatetemeka. Chombo chote kinatikisika."

"Natetemeka," nikasema. "Wewe endelea."